Mkwe Aliyefungiwa Ndani

Bhoke alimtambua Mbuke, aliyekuwa mama mkwe wake, kwa sauti kabla hajainua uso. Alikuwa ameinama anapanga mafungu ya dagaa juu ya turubai, katika mnada wa Bugarama, akasikia mtu anauliza, "Dagaa hawa wa wapi, mayu?" yaani mama, kwa Kisukuma. Sauti hiyo ndiyo iliyomfukuza kwenye nyumba ya ndoa, miaka kumi na zaidi iliyopita, na tangu hapo hakuwa ameisikia tena isipokuwa kichwani mwake, kila alipokuwa akiijibu.

"Wa Nkome," alisema. "Wamekauka vizuri."

Mbuke akanunua fungu moja, akalitia kikapuni, akaenda zake. Hakuonyesha hata kidogo kwamba anamfahamu muuzaji. Bhoke akadhani ni kiburi kilekile cha zamani. Akasonya, akaendelea na wateja wengine.

Muda si mrefu yule bibi akarudi. "Dagaa hawa wa wapi, mayu?"

Safari hii Bhoke alimtazama vizuri. Gauni lilikuwa limegeuzwa, mishono iko nje. Mguu mmoja una kandambili, mwingine umevaa kiatu cha kiume kisicho na kamba. Kwenye mkono, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, palikuwa na kidonda cha moto kilichopakwa majivu. Mwanamke huyu alikuwa akipiga pasi hata khanga ya kwendea shambani. Leo nywele zake zilikuwa na makapi ya mahindi.

"Wa Nkome," Bhoke alisema, akampa fungu jingine, akapokea hela.

Alipokuja kwa mara ya tatu, Sesilia, rafiki yake aliyekuwa akiuza nyanya pembeni, akashindwa kunyamaza. "Bibi, si umeshanunua? Tazama kikapu chako kimejaa."

"Mwache," Bhoke alisema. "Mimi nauza, yeye ananunua."

Sesilia alimgeukia akashangaa. Alikuwa hajawahi kumwona Bhoke akimnyonya mtu mzima namna ile. Ila Sesilia hakuwa anajua huyo bibi ni nani.

Bhoke alikwishajua kinachomsumbua Mbuke. Mama yake mzazi, kule Tarime, alianza hivyohivyo: chumvi paketi baada ya paketi, moto uliosahaulika, majina ya wajukuu yakichanganywa, halafu njia ya kisimani ikapotea. Bhoke ndiye aliyemuuguza mpaka akamzika. Aliujua ugonjwa ule unapoanzia na unapoishia, na alijua kwamba mtu akifikia kuvaa viatu visivyofanana, hapaswi tena kuachwa peke yake na jiko. Pale alipolitambua hilo, moyo wake ulichangamka, kama mtu aliyepelekewa habari ya harusi.

"Na bado," alijisemea. "Na bado, Mbuke."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bhoke aliolewa na Boaz, mtoto wa kiume wa Mbuke, na mama mkwe hakumpenda tangu siku ya kwanza. Mkurya, alisema, hajui hata kukata viazi vitamu na kuanika michembe. Bhoke akajifunza kuanika michembe. Akajifunza salamu, akajifunza kupiga goti, akalima mpunga mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Mwaka ule walipovuna vizuri, magunia kadhaa yalipotea ghalani. Mbuke aliita wanawake wa kitongoji kizima. Akaleta begi la Bhoke uwanjani, akalifungua, akawa anatoa nguo moja moja na kuinyanyua juu, hadi nguo za ndani, akisema anatafuta hela za mpunga ulioibwa. Wanawake wengine waliinamisha macho. Wengine walicheka. Hela haikuonekana, na Bhoke akafukuzwa vilevile. Boaz alikuwa amesimama mlangoni anatafuna muwa. Hakufungua mdomo ila kutema makapi.

Baadaye kidogo Boaz akaingia ubia kwenye duara, shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Watu waliuliza mtaji kautoa wapi. Bhoke hakuuliza. Aliondoka na begi lake, akafika Nkome, akaanza kwa kuanika dagaa wa watu, kisha wake mwenyewe. Siku hizi alikuwa na chumba chake Nyasubi, Kahama, na alizunguka minada yote ya Msalala. Huu wa Bugarama alikuwa akiukwepa. Ni Sesilia aliyemvuta, akimwambia kuna hela za wachimbaji.

Mnada uliofuata Bhoke alifika mapema, akamwachia Sesilia turubai. Akaenda nyumbani kwa Boaz. Alitaka kuona kwa macho. Miaka yote alikuwa amejitengenezea maneno ya kumwambia Mbuke, akiyanoa barabarani, akiyanoa usiku, na aliogopa bibi yule asije akafa kabla hajayasikia.

Ua wa minyaa ulikuwa uleule. Ndani yake palikuwa na nyumba mpya ya vigae, ya Boaz na mkewe Violeth, na nyuma yake ile nyumba ndogo ya zamani ya bati. Uwanja haukuwa na mtu. Mlango wa nyumba ndogo ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje, na ufunguo umening'inia kwenye msumari palepale ubavuni. Aliyefungiwa ndiye peke yake asiyeweza kuufikia.

Bhoke akazunguka dirishani. Harufu ya mkojo ikampokea. Mbuke alikuwa amekaa kitandani, akikunja na kukunjua kipande cha khanga. Akainua kichwa, na uso wake wote ukafunguka.

"Bhoke! Mke wa Boaz! Umekuja, ng'wanone, mwanangu? Maji umechota?"

Bhoke akashika nondo za dirisha. Hakuwa amejiandaa kuitwa kwa jina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu anayenifungia mimi simjui. Anasema ni mke wa mwanangu. Nikamwambia mke wa mwanangu ni Bhoke, anajua kulima huyo, we tuulize sisi. Sasa umekwenda wapi siku zote?"

"Ulinifukuza."

"Nani?"

"Wewe. Ulinifukuza mbele ya watu." Na Bhoke akayatoa yote, pale dirishani, kwa sauti ndogo. Akalitaja begi. Akaeleza jinsi nguo zilivyonyanyuliwa moja moja, na ipi ilifuata ipi. Akamwambia kwamba wanawake walicheka, kwamba alitembea hadi barabara kuu na mtu hakumsindikiza, kwamba hata leo akifua hataki kuanika nguo zake mahali pa wazi. Akamaliza kwa maneno aliyokuwa ameyaweka ya mwisho: "Mungu akulaze kwenye uchafu wako, na asiwepo wa kukugeuza."

Mbuke alikuwa amesikiliza kwa makini, mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Ni nani aliyekufanyia hivyo?" aliuliza. "Mwanamke huyo ana roho mbaya. Nionyeshe kwake. Nitakwenda mimi mwenyewe nimwambie, mtoto wa watu hatendewi hivyo."

Bhoke aliachia nondo. Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa minyaa. Alikuwa amelaani, na laana haikupata pa kutua. Mwenye kosa hakuwamo tena mle ndani. Alikuwa ameondoka na kosa lake, amemwachia bibi anayemlilia. Hasira ikampanda upya, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo, nayo ikatafuta mtu. Haikupata shida. Boaz alikuwapo, mzima, mwenye akili zake.

Alichukua ufunguo msumarini akafungua.

Hakumwosha. Hakumbadilisha gauni. Maji yalikuwemo mtungini, na khanga safi zilikuwa kwenye kamba ya Violeth, na Bhoke aliziona. Alimfunika tu kwa ile khanga aliyokuwa akiikunja, akamshika mkono, akamwambia, "Twende ukamsalimie mwanao."

"Boaz yupo?"

"Yupo. Anakula nyama."

Boaz alikuwa palepale Bhoke alipomwona alipokuwa akipita, kwenye banda la mbuzi wa kuchoma, katikati ya mnada, amekaa na wenye maduara wenzake, kofia pana kichwani na saa inayong'aa mkononi. Alipomwona Bhoke hakumtambua mara moja. Alipomwona mama yake, alisimama.

"Boaz," Bhoke alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenadi bidhaa, "nimekuletea mama yako. Nimemkuta amefungiwa kama mbuzi wa kesho. Tazameni, jamani, mama wa tajiri." Akamvuta Mbuke mkono uliokuwa na kidonda, akauinua juu watu wauone. Kisha akashika khanga akaivua, na gauni lililolowa likaonekana mpaka chini, na nzi waliokuwa kwenye nyama wakahamia huko.

"Usinivue, ng'wanone," Mbuke alisema. Alijaribu kujifunika kwa mikono miwili na mikono haikutosha. "Usinivue, watu wananiona."

Bhoke alisikia. Alikuwa anayajua maneno yale. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, siku nguo zake ziliponyanyuliwa. Lakini uso wa Boaz ulikuwa umekuwa rangi ya majivu, na wenzake walikuwa wameanza kusogeza viti vyao mbali naye, na Bhoke alikuwa amesubiri mno. Akamzungusha yule bibi taratibu, ili na wa upande wa pili waone. Utamu wake ulikuwa mkali. Uliteremka kooni kama gongo, na kama gongo, ulipofika chini ukaanza kuchoma.

Boaz aliinua mkono kumpiga Bhoke. Mchoma nyama, mtu mzima mwenye kisu bado mkononi, akasimama katikati.

"Utampiga nani?" aliuliza. "Huyu aliyemleta au aliyemfungia? Boaz, huyu si Mbuke? Mbuke aliyetugawia mbegu mwaka wa njaa?"

Sesilia alikuja mbio kutoka kwenye nyanya zake, akavua mtandio wake akamfunga bibi kiunoni. Akamtazama Bhoke, akasema kwa kunong'ona, "Ungeshindwa nini kumwosha kwanza?" Kisha wakamwacha Boaz amwongoze mama yake kurudi nyumbani, kichwa chini, na nusu ya mnada nyuma yake.

Siku chache baadaye simu ya Bhoke ililia. Alikuwa ni Ritha, dada yake Boaz, aliyekuwa na mgahawa mjini Geita. Zamani walielewana kama mawifi wanavyoelewana wakipendana.

"Wifi, niko Bugarama. Mama hataki kula. Anakuita wewe. Na wazee wa ukoo wanataka kikao."

"Wanihukumu kwa kufungua mlango wa watu?"

"Wapo wanaosema hivyo. Mimi nasema ungeufungua mapema." Ritha alivuta kamasi. "Kila nikimpigia simu alikuwa ananiuliza mvua. Mvua imenyesha huko? Nikimjibu, anauliza tena. Nikawa nacheka, wifi. Nikasema mama anapenda mvua."

"Nitakuja," Bhoke alisema. "Lakini wawepo wale wanawake waliokuwepo siku ya begi langu. Na Boaz aseme mpunga aliuza nani. Akikataa, naondoka, mama yenu afe njaa."

Aliposema hivyo hakuwa anatania, na Ritha hakumwona kama anatania.

Kikao kilifanyika mchana, uwanjani. Baba mdogo wa Boaz, mzee Luka, ndiye aliyekaa kwenye kiti. Wanawake walikuja, baadhi wakiwa wazee sasa, wakakaa mkekani bila kumwangalia Bhoke machoni. Mbuke alikuwa ameogeshwa na Ritha, amevalishwa gauni la maua, kidonda kimefungwa bandeji. Alikaa pembeni akibangua karanga kwenye ungo.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Violeth, bila kupewa nafasi. Alisimama. "Mimi mnaniona mchawi wa nyumba hii. Nilimfungia kwa sababu alikutwa anatembea kwenye mashimo, mdomoni kabisa mwa duara. Aliungua jikoni nikiwa nateka maji. Nilimwambia Baba Davis, huyu Boaz, mapema, mama huyu si uzee tu, tutafute mtu wa kukaa naye. Akasema nina chuki na mama yake, akasema mama anajifanya tu. Nilikuwa peke yangu! Mtu mmoja hawezi."

Bhoke alikuja kikaoni akimchukia yule mwanamke; sasa akamtazama, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala. Akakumbuka mwaka wa mwisho wa mama yake. Akamwondoa Violeth kwenye hesabu yake.

"Boaz," mzee Luka alisema. "Mgeni ametoa sharti lake. Sema."

Boaz alisimama, kofia mkononi. "Mpunga niliuza mimi," alisema. "Nilitaka kuingia kwenye duara. Bhoke hakuchukua hata punje."

Wanawake wa mkekani waliguna. Mmoja akaanza kusema, "Jamani, na sisi tukacheka..." Mwingine akamgusa anyamaze, maana Mbuke alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye karanga.

"Nilijua," Mbuke alisema.

Ritha akamsogelea. "Ulijua nini, mama?"

"Aliupitisha huko nyuma kwenye minyaa, kwa mkokoteni. Niliona alama za magurudumu asubuhi." Alikuwa akizungumza taratibu, sauti safi, sauti ya zamani. "Ningesema mwanangu mwizi? Watu wangemwitaje? Yule msichana ana kwao, atarudi kwao. Mwanangu angekwenda wapi?" Akapuliza maganda kutoka kwenye ungo, akaendelea kubangua.

Boaz alikuwa amekaa chini, pale pale aliposimama, juu ya vumbi.

Miaka yote Bhoke alidhani mama mkwe alikosea kwa kutojua. Alikuwa amemchukia kwa kosa la mtu aliyedanganywa, na kumbe chuki ile ilikuwa ndogo kuliko aliyostahili Mbuke. Alinyanyuka akaenda akachuchumaa mbele ya ungo, uso kwa uso.

"Mimi ndiye yule msichana."

Mbuke akamwangalia. Alitafuta kitu kwenye uso ule, ikaonekana anakaribia kukipata, kisha kikampotea. Akatabasamu.

"Umekuja," alisema. "Umekula?" Na akamwekea karanga kiganjani, akamkunja vidole asizidondoshe.

Bhoke alibaki amechuchumaa. Nyuma yake alisikia mtu analia, akageuka. Ni Boaz, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Bhoke aliyatazama yale machozi, akayaona machache.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Mzee Luka aliamua kwamba Mbuke hataachwa peke yake tena. Ritha angebaki mpaka apatikane mama mtu mzima, mjane wa ukoo, wa kuishi naye na kulipwa kila mwezi na Boaz. Kufuli likatolewa mlangoni na pembeni mwa uwanja pakawekwa lango la mbao, ili mchana atembee kivulini bila kutoka nje. Boaz alikubali kila kitu. Angekubali hata kuchapwa.

Ritha alimsindikiza Bhoke mpaka barabarani.

"Kaa hata siku mbili, wifi. Anakula ukimlisha wewe."

"Sikai."

"Umemsamehe lakini?"

"Sijamsamehe. Leo ndiyo kwanza nimejua cha kumsamehe, na mwenyewe hayupo." Bhoke alisimamisha bodaboda, halafu hakupanda. Alionekana anagombana na jambo moyoni, kisha akalisema kwa ukali, kama anagomba. "Sikiliza. Usibishane naye. Akisema mimi ni mke wa Boaz, mwambie ndiyo, amekwenda kisimani. Kiberiti kisikae jikoni, kaa nacho mwenyewe. Choo chake mpakie mlango rangi nyekundu, auone. Kuoga, maji ya vuguvugu, anza na miguu. Wala usimvue zote kwa mpigo. Mwache na khanga. Anaona haya." Akashika kiti cha bodaboda. "Anaona haya sana. Na mpeleke hospitali kidonda kile kitazamwe, bandeji tu haitoshi."

"Nitakupigia nikishindwa."

"Piga," Bhoke alisema, akapanda.

Mnada wa Bugarama hakurudi tena. Alimwambia Sesilia faida yake ndogo, na Sesilia, ambaye hakuwa amemaliza kumkasirikia kwa ile siku ya banda la nyama, hakumbembeleza. Ritha alipiga simu mara nyingi mwanzoni, na kila mara Bhoke alipokea, akaeleza la kufanya kwa maneno machache, akakata kabla hajaulizwa anajisikiaje. Mjane alipatikana. Mbuke alinenepa kidogo. Siku nyingine alimwita mjane Bhoke, siku nyingine alimwita mama.

Lakini kila Sesilia aliporudi kutoka Bugarama na nyanya zake zimeisha, Bhoke hakuwa anaanza kwa kuuliza habari za bibi. Aliuliza kwanza kama Boaz bado anakaa kwenye lile banda. Sesilia akimjibu kwamba hapana, kwamba anapita kwa mbali na hakuna anayemwita, Bhoke alichukua ufagio wake, akafagia mbele ya chumba chake, akiwa na uso wa mtu aliyeshiba.